Tone la Zambarau

Kofuli lilikuwa zima, mtungi wa kioo ulikuwa umejaa. Dhahabu ndiyo haikuwemo. Miezi mitatu ya kuchambua bodi za simu mbovu na redio zilizokufa, kuziyeyusha kwa tindikali, na asubuhi hiyo tajiri mwenye karakana alipotia unga wa kuitenga, haikutulia chini hata chembe. Akapiga simu kituoni. Mali ya tajiri ikipotea, hata petroli hupatikana: inspekta alifika kabla chai haijapoa.

Funguo zilikuwa kwa tajiri na kwa mama mchujaji, aliyekuwa mwaka wa tisa juu ya mvuke wa tindikali na kitambaa tu puani. Mlinzi aliapa kwamba hakuna aliyetoka bila kupekuliwa. Tajiri akasema wezi wa siku hizi hukuvua soksi huku viatu umevaa. Inspekta hakucheka.

"Dhahabu ikiwa majimaji, inatambulikaje?"

Mama mchujaji akashika kichupa cha dawa ya kupimia. "Tone moja, afande. Ikiwemo, inageuka zambarau."

Akapima mtungi: hakuna kitu. Akauinamia mtaro unaotoka karakanani, akalowesha karatasi, akadondosha. Zambarau. Akatoka getini, inspekta nyuma yake, akapima nje ya ukuta, kisha nyuma ya vyumba vya wapangaji, kisha ulipokomea mtaro, kando ya kisima kilichofunikwa bati. Zambarau zote. Hakubahatisha hata mara moja.

Inspekta akasimama. Mtafutaji hupapasa, huyu alikuwa anapita njia yake.

"Mama, umeimwaga wewe."

"Mimi. Jana jioni, nikajaza tindikali mpya."

"Hukubakiza hata kidogo?"

"Ya nini? Nilitaka ipite tajiri anakopitishia tindikali yake kila siku. Mjukuu wangu alikunywa maji ya kisima hiki, tukamzika. Sasa wapangaji wamechimba kingine, hatua ishirini tu. Nilikuja kituoni mara tatu. Ulikuwa wewe kaunta, mwanangu. Ulisema gari halina mafuta."

Inspekta alikumbuka. Alikuwa ameyaandika malalamiko yale kwa penseli, pembeni ya ukurasa.

"Nifunge pingu," mama alisema taratibu. "Ila ukinishtaki, itabidi uandike mtaro huu unaanzia wapi na unaishia wapi."

Tajiri alikuwa anaita kutoka getini, anauliza kama mwizi amepatikana. Inspekta akachuchumaa kando ya bati, akafungua daftari, akatoa kalamu ya wino.

"Amepatikana," alijibu. "Anza na mtaro, mama."