Kompyuta ya Kabatini

Kila siku baada ya shule, Jussara na wasichana wenzake walipitia kituo cha kompyuta cha mtaa wao, pale mjini Caruaru, Brazili. Kompyuta kumi za pale hazikuhifadhi kitu. Programu na kazi za watu wote zilikaa kwenye kompyuta moja kubwa, ndani ya kabati.

"Siku zijazo dunia nzima itatumia za namna hii," Mwalimu Valdir alipenda kujigamba.

Kwenye kona aliketi Bi Zulmira, akibonyeza herufi moja moja kwa kidole kimoja. Tangu Januari alikuwa akiandika habari za mwanawe Edvaldo, aliyefariki akiwa na miaka tisa.

"Bibi, utamaliza mwaka gani?" wasichana walimtania.

"Nyie chezeni tu. Mimi naongea na mwanangu."

Alasiri moja ya mvua mwezi wa Juni, mwalimu akiwa ametoka, Jussara alitafuta soketi ya redio ili wafanye mazoezi ya ngoma ya sikukuu ya Mtakatifu Yohana. Akachomoa waya wa kabatini. Kompyuta zote zikazimika. Alipouchomeka tena, ile kubwa ilikataa kuwaka.

"Nani kagusa hapa?" mwalimu aliuliza aliporudi.

"Radi, mwalimu. Imepiga hapo nje," Jussara akadanganya.

Siku mbili alinyamaza. Siku ya tatu kompyuta zikawaka, zikiwa na programu mpya. Bi Zulmira akaketi, akatafuta, akatafuta tena.

"Edvaldo wangu yuko wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Jussara akaangua kilio, akasema yote.

Mwalimu alijishika kichwa. "Ungeniambia siku ile! Kuchomoa waya kulivuruga programu tu, maandishi yalikuwa mazima. Nilidhani radi imeunguza kila kitu, nikafuta yote. Na mimi nina kosa, sikuweka nakala."

Bi Zulmira alilia sana. Kisha akajifuta machozi, akamwambia Jussara, "Njoo Jumamosi. Nitasema, utaandika."

Jussara aliikosa ngoma, iliyochezwa Jumamosi hiyo. Kila Jumamosi aliandika, na mwalimu akaweka nakala mbili. Agosti walifika ukurasa wa mwisho. Bi Zulmira akasita.

"Kuna neno aliniambia asubuhi ile ya mwisho. Nililiandika. Sasa halinijii."

Walingoja. Halikuja.

"Acha nafasi, mwanangu," Bi Zulmira alisema. "Usiijaze. Siku ukikosea tena, ikumbuke nafasi hiyo, useme siku hiyo hiyo."