Bi Mkasi na Fundi wa Kola

Asubuhi ile Bi Mkasi alikunywa chai amesimama. Mumewe alimtazama, akacheka.

"Hata jua halijapanda, umeshanuna. Leo umekosana na nani?"

"Na fundi wa kola," alijibu. "Ananipandisha presha kila siku."

Bi Mkasi alikuwa msimamizi wa karakana ya kushona mashati ya shule. Jina hilo alipewa na mafundi, kwa sababu maneno yake yalikata. Mwenyewe hakulikataa.

Pale karakana kazi ilipita mkono kwa mkono. Mmoja alikata vitambaa. Wengine waliunga mwili na mikono. Fundi wa kola aliweka kola. Mpiga pasi alimalizia. Kola zikichelewa, shati halitoki.

Na kola zilikuwa zinachelewa. Fundi wa kola, mwanamke kijana, alikuwa ametoka likizo ya uzazi. Mara kwa mara aliacha cherehani yake, akaingia stoo na kujifungia.

Siku hiyo alipoingia, Bi Mkasi alimfuata. Akagonga mlango kwa ngumi.

"Toka humo. Kazi haifanyiki stoo."

Mlango ulifunguka. Fundi wa kola alitoka ameinamisha kichwa. Blauzi yake ilikuwa imelowa kifuani.

"Maziwa yamejaa, Bi Mkasi. Nilikuwa nakamua kidogo."

"Mimi nimezaa watatu," Bi Mkasi alisema, mafundi wote wakisikia. "Sikuwahi kujifungia stoo. Ukitaka kulea, kalee nyumbani. Kuanzia leo mlango huu nafunga kwa ufunguo."

Mpiga pasi aliweka pasi chini kwa kishindo.

"Umemuuliza anaumwa wapi? Au umemfokea tu?"

"Kaka, wewe piga pasi."

"Nitapiga. Lakini tuko hapa kumi na wawili, na hujawahi kumuuliza hata mmoja wetu hali yake."

Bi Mkasi aliusukuma mlango wa stoo kwa nguvu. Akafunga stoo, akatia ufunguo mfukoni.

Siku mbili baadaye, fundi wa kola alilaza kichwa juu ya cherehani. Alikuwa anatetemeka, na mwili wake unachemka kwa homa. Bi Mkasi alimshika mkono, akampeleka zahanati. Njiani alinung'unika tu. Mashati yalikuwa yanangojewa.

Muuguzi alimpima mgonjwa, akampa dawa, akamlaza. Kisha akamgeukia Bi Mkasi.

"Titi moja limevimba, limekuwa gumu kama jiwe. Maziwa yasipotoka, yanaleta uvimbe na homa. Mama anayenyonyesha anahitaji kukamua kila baada ya saa tatu hivi. Anawe mikono, aweke maziwa kwenye chombo safi chenye kifuniko, mahali pa baridi. Mtoto atanywa baadaye. Anasema alizuiwa kukamua. Nani alimzuia?"

"Mimi." Bi Mkasi alikaza uso. "Mbona mimi nilivumilia?"

"Ulivumilia nini, mama?"

Bi Mkasi alijishika kifuani. Alikumbuka alivyojifunga kitambaa kifuani ili bosi asione blauzi ikilowa. Maziwa yakakauka. Mtoto wake wa mwisho akaachishwa kabla ya wakati, akauguaugua mwaka mzima.

"Nani alinihurumia mimi?" alisema. "Hakuna aliyeniuliza. Hata mmoja."

"Una haki ya kukasirika," muuguzi alisema. "Ulionewa. Lakini aliyekuonea si huyu binti. Jiweke mahali pake. Unapajua kuliko mimi. Wala hakuombi umfanyie kazi yake. Muulize inamlemea wapi, kisha mpange pamoja."

Bi Mkasi aliinuka. Aliingia alikolazwa fundi wa kola, akaketi pembeni ya kitanda.

"Mwanangu, nimekukosea. Niambie, ungepangaje kazi ungekuwa mimi?"

Fundi wa kola alijiinua kidogo kitandani.

"Ningemfundisha mwenzangu mmoja kola," alisema polepole. "Nikitoka, yeye anashika. Nikirudi, namsaidia kuunga mikono ya mashati."

Wakafanya hivyo. Stoo ilifunguliwa, ikafagiliwa, kikawekwa kiti, ndoo ya maji na sabuni. Fundi wa kola alipopona, kola hazikusimama tena hata alipotoka. Mashati yakaanza kukamilika kabla ya jioni.

Kisha mwenye karakana akaja. Aliona kiti stoo, akakunja uso.

"Nani kageuza stoo yangu kuwa nyumba ya kulelea watoto?"

Mafundi waliinama. Bi Mkasi alisimama mbele yake.

"Mimi. Fundi huyu aliugua kwa sababu yangu, na kazi ikalala. Sasa ni mzima na mashati yanatoka. Ukikiondoa hicho kiti, kola utashona wewe."

Mtu mmoja alikohoa kuficha kicheko. Mwenye karakana alichukua shati, akageuza kola yake, akatafuta kosa. Hakuliona. Akaondoka bila kuaga.

Mpiga pasi akasafisha koo.

"Bi Mkasi, na mimi mgongo unaniuma tangu mwaka jana. Hujaniuliza."

Mafundi wakacheka. Bi Mkasi hakucheka. Alivuta kigoda, akaketi karibu na meza ya pasi.

"Haya, kaka," alisema. "Unakuuma wapi?"