Leseni ya Marehemu

Mama Glasi alikuwa na baa ndogo: meza sita, friji moja, na spika inayopiga kelele kuliko wateja. Kila asubuhi alipiga deki, akapanga viti, kisha akasugua glasi mpaka unaona tundu za pua yako. Ndiyo maana wakamwita hivyo. Mumewe alifariki miaka mitatu nyuma. Baa ikabaki mikononi mwake, nayo ndiyo iliyomlisha.

Alasiri moja akaingia afisa wa leseni wa halmashauri, faili kwapani. Akatazama leseni ukutani.

"Mwenye jina hili yuko wapi?"

"Makaburini. Ukitaka nitakupeleka."

Wateja wakacheka. Afisa akafungua faili.

"Mama, kila mwaka unajaza fomu ya kuhuisha leseni. Fomu inauliza, mwenye leseni yupo? Nawe unaandika, yupo."

"Sasa mwanangu, ningeandikaje hayupo? Mkono ulikataa."

Hapo hakuna aliyecheka. Hata afisa alikohoa kidogo. Kisha akasema, "Marehemu hauzi bia. Funga leo. Ukitaka kufungua tena, tafuta mwanamume wa kusimamia. Baa si mahali pa mjane."

Mwanamume hakuwa mbali. Jioni ile ile alifika shemeji yake, mdogo wa marehemu, amevaa koti la harusini.

"Shemeji, usihangaike. Tuandike jina langu. Wewe utaendelea kuosha glasi."

"Na wewe?"

"Mimi nitakaa kaunta."

"Kaunta umeikalia miaka kumi, upande wa kunywa. Nenda nyumbani, shemeji, mkeo anakungoja."

Shemeji alipotoka, Mama Glasi akafunga baa. Akaenda kwa jirani yake, bibi aliyewahi kuwa karani wa halmashauri. Alistaafu zamani, ila watu bado walimwita Karani. Akamweleza yote.

"Kufunga, afisa amesema kweli," Karani alisema. "Leseni si koti la marehemu, useme unalivaa tu. Ni ruhusa ya mtu mmoja, mahali pamoja. Mtu akifa, unatoa taarifa, unaomba upya kwa jina lako. Wewe umedanganya kwenye fomu miaka mitatu."

"Unanigombeza, dada?"

"Nakugombeza. Halafu nitakusaidia. Hilo la mwanamume, alikuonyesha limeandikwa wapi?"

"Alisema tu."

"Basi mwambie akuandikie, atie saini na muhuri."

Kesho yake Mama Glasi akasimama mbele ya meza ya afisa. "Ile habari ya mwanamume, naiomba kwa maandishi." Afisa akapekua sheria ndogo za mji ukurasa kwa ukurasa, jasho likimtoka. Mwisho akampa fomu ya maombi.

Safari hii Mama Glasi aliandika: amefariki. Karani alivuta karatasi pembeni, isije ikalowa machozi.

Kisha wakabandika tangazo mlangoni kwa siku ishirini na moja, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Siku zote hizo baa ilifungwa. Wakajitokeza wawili: shemeji, na fundi cherehani wa mlango wa pili.

Siku ya kikao cha kamati ya leseni, shemeji alisema kwanza. "Waheshimiwa, mwanamke hawezi kuongoza walevi."

"Nimekuongoza wewe hadi mlangoni kwako mara ngapi?"

Mwenyekiti akagonga meza, akificha meno. Akamgeukia afisa. "Kuna sheria inayomkataza mjane?"

"Hakuna, mheshimiwa."

Fundi akasimama. "Mimi sina ugomvi na mjane. Spika yake imeegemea ukuta wangu. Ukuta ukitikisika, cherehani inatikisika. Juzi nimeshona suruali, mguu mmoja mrefu!"

Mama Glasi akafumbua mdomo ili amtafune. Karani akamkanyaga kidole. "Huyu ana haki," alinong'ona. "Jibu hoja."

Akaigeukia kamati. "Spika nitaihamishia ukuta wa mbali, na sauti nitapunguza. Na kwenye fomu nilikosea. Lakini baa ni yangu, na kazi naijua."

Kamati ikampa onyo kwa zile fomu. Kisha ikampa leseni kwa jina lake, na masharti: kufungua saa kumi alasiri, kufunga saa tano usiku.

"Na kama tungekunyima?" mwenyekiti aliuliza.

Mama Glasi akatoa bahasha kwenye mkoba. "Rufaa nilishaiandika."

Siku ya kufungua, saa tisa, alikuwa akifuta meza. Afisa akachungulia mlangoni.

"Mama, jua kali. Nipe moja ya baridi."

"Soma ukutani. Saa kumi."

"Mimi ndiye niliyeyaandika masharti hayo!"

"Basi huhitaji kuelezwa."

Akafunga mlango, taratibu kabisa. Afisa akageuka atafute pa kukaa kungojea. Shemeji, aliyekuwa amewahi kuketi kwenye ngazi za mlangoni akingoja saa kumi, akasogea kumpa nafasi.