Fundo la Pete Moja

Fundi wa nyavu alikuwa ameshafika nusu ya njia ya kwenda nyumbani alipokumbuka kwamba ameacha sindano zake kibandani. Mwingine angesema zilale huko, kesho si mbali. Yeye alirithi ubishi wa mama yake, akageuza. Jua lilikuwa linazama na maji yameanza kujaa.

Mji ule ulikuwa wa watu wa bahari, na hawakuona haya kujisifia. Ukimuuliza mtu wa pale yeye ni nani, hakuonyeshi nyumba yao. Anakuonyesha maji. Bahari ikishatamka jambo, hakuna wa kukata rufaa. Kinacholetwa na mawimbi ndicho ukweli wenyewe, hata kama moyoni unajua vingine.

Na bahari ndiyo iliyosema kwamba Fundi anaitwa Wa Pili.

Yeye na mwenzake walizaliwa mapacha wa kike, wamefanana mpaka mama yao akichoka hakuwajua nani ni nani. Mama naye alikuwa mshona nyavu, akapata dawa ya kishonaji. Kila mshonaji hufunga kazi yake kwa fundo lake, basi na watoto akawafunga hivyohivyo, mkanda wa kamba kiunoni. Wa Kwanza fundo la pete moja, yaani kitanzi kimoja. Wa Pili la pete mbili. Walipotimiza miaka tisa, siku moja ikawa zamu ya Wa Kwanza kwenda mwambani kuokota chaza. Aliogopa. Hakusema kwamba anaogopa. Alimwambia mdogo wake wabadilishane mikanda, wamfanyie mama mzaha. Mdogo akacheka, akakubali, akaenda.

Jioni mkanda wa pete moja ulirudi na mawimbi, mtupu. Watu wakalia kwamba Wa Kwanza amezama, wakauzika ule mkanda badala ya mwili. Aliyebaki, mwenye pete mbili kiunoni, akanyamaza. Alijiambia atasema kesho. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yake ilikuwa imeingia mwaka wa arobaini na bado inakwenda.

Kibandani harufu ilimpokea mlangoni. Si harufu ya nyavu, hiyo pua yake iliizoea zamani. Ilikuwa ya mwani uliooza... na udongo. Udongo mbichi, wa kaburi.

Alipapasa meza. Sindano hazikuwepo.

Wavu aliouacha mchana una tundu la kupita mbuzi ulikuwa umetandazwa sakafuni. Tundu halipo. Limeshonwa, tena vizuri kuliko ambavyo yeye angeweza, na wavu mzima ulikuwa unadondosha maji. Twa... twa... Akainama, akaufuata mshono kwa kidole mpaka mwisho, pale fundi anapofungia kazi.

Pete moja.

Fundo lile hakuna mkono wa mtu hai uliolifunga tangu utoto wake. Yeye mwenyewe hakuthubutu hata akiwa peke yake.

"Umezeeka," sauti ilinong'ona nyuma ya nyavu zilizoning'inizwa. Sauti ya mtoto wa kike.

Hakugeuka. Shingo ilikataa.

"Huko chini wananiita Wa Kwanza. Nawaambia siye mimi. Hawanisikii." Maji yalidondoka. "Nikasema nikungoje, utawaambia wewe. Wewe ukasema kesho."

Fundi alitaka kuomba msamaha. Badala yake mkono ukaanza kuutafuta mlango.

"Basi nimekuletea mkanda wako."

Kitu cha baridi kikamzunguka kiunoni taratibu, kama mkono wa mshona nguo anayechukua vipimo. Kikakaza. Kikaachia.

Alikimbia. Viatu hakujua vilibaki wapi.

Mama yake alikuwa amekaa kwenye kiti chake mlangoni, kama kila jioni. Macho yalishakufa siku nyingi, lakini vidole vyake bado vilikuwa vya mshonaji, na salamu yake ilikuwa ni ileile. Binti akirudi kazini, mama hunyoosha mkono na kumshika fundo la kiunoni, kisha ndipo humwitikia. Fundi alimpigia magoti, akihema, akakileta kiuno chake karibu na mkono ule. Aliutaka mkono ule kuliko kitu chochote duniani.

Vidole vikagusa. Vikasita.

"Pete moja," mama alisema.

Fundi aliangalia chini. Mkanda wake wa pete mbili haukuwepo tena. Kamba ilikuwa nyeusi, imevimba, udongo umeganda kwenye nyuzi. Akaivuta kwa kucha, akaing'ata kwa meno. Mtu aliyefungua mafundo maisha yake yote akashindwa na hilo moja. Ndipo akayamwaga yote, zamu, hofu, mzaha, mikanda. Alilia kama mtoto wa miaka tisa, na kwa kweli kilio chenyewe kilikuwa cha umri huo.

Mama hakushtuka. Hilo lilimtisha kuliko kibanda.

"Nilijua," alisema polepole. "Usiku uleule, nilipokuja kukufunika. Mwenzio kawaida yake ilikuwa kulala kifudifudi, wewe ulilala chali. Nikasema nitakungoja useme mwenyewe."

"Nimesema, mama."

"Umesema leo, mwanangu. Kwa sababu umeogopa."

Jikoni kifuniko cha sufuria kilianguka. Kikazunguka sakafuni mpaka kikatulia. Kisha nyayo, mbichi, zikichapa sakafu kwa utaratibu wa mtu aliye kwao.

"Mama?" Ilikuwa sauti ya Fundi mwenyewe, ya mtu mzima, na ukwaruzo wake wote. "Unaongea na nani hapo nje?"

Mama alimshika mwanawe uso kwa mikono miwili. Machozi yalikuwa yakitoka kwenye yale macho yasiyoona.

"Na dada yako," alijibu. "Amepita kuaga."

Kesho yake kibanda kilifunguliwa asubuhi kama kawaida. Wateja walimsalimu Wa Pili, akawatania, akashona, akafunga kazi kwa pete mbili. Wengine walisema siku hizi amechangamka. Mmoja aliuliza kwa nini nywele zake hazikauki, akaambiwa ashughulike na zake.

Ila kila maji yanapojaa, nyumba ile hugongwa mlango. Mara moja tu. Wa Pili humwambia mama ni upepo, amalizie chakula chake. Mama huitikia sawa. Halafu hukaa ameshika kijiko bila kula, akisikiliza upepo uliosimama kizingitini ukingoja kufunguliwa.