Mwangalizi wa Ndila

Ndila aliishi peke yake, na bado kila asubuhi alikuta vikombe viwili vimeoshwa na kufunikwa kwenye sinia. Mwanzoni alijicheka. Mtu mwenye kifafa huzoea kukuta mambo asiyoyakumbuka: kiti kimepinduka, leso imelowa, ulimi una kidonda. Kikombe cha ziada si cha kumkosesha mtu usingizi. Alikirudisha kabatini akakaa kwenye cherehani, maana shule zilikuwa karibu kufunguliwa na nusu ya watoto wa mtaa wa Mwakingali walikuwa wakingoja sare kutoka kwake.

Cherehani hiyo ndiyo iliyokuwa imemtia katika uongo, kabla ya vikombe hivyo kuanza. Kifafa kilikuwa kikimwangusha juu yake, na siku moja sindano ilimpita kidole ikatokea upande wa pili. Dawa alizokuwa akimeza zilimlevya tu bila kumzuia kuanguka. Ndipo akasikia kuna utafiti wa dawa mpya katika kliniki moja hapo Voi. Akaenda, akapimwa, akafaa kwa kila kitu isipokuwa kimoja. Mwenye kifafa hajioni akianguka, walimweleza, kwa hiyo kila mshiriki lazima awe na mwangalizi, mtu anayeishi naye nyumba moja na atakayeeleza yaliyotokea. Asiye na mwangalizi hapewi dawa.

Ndila hakuwa na mtu. Mumewe aliondoka akisema hawezi kulala na mwanamke anayetoka povu, na ndugu zake kule Kibwezi walimwonea aibu. Basi akadanganya bila kupepesa macho. Alisema anaishi na dada yake, anaitwa Kaveke, mpole, haongei sana. Akatoa namba ya simu yake ya pili, kabambe kuukuu iliyolala kwenye droo, akipanga kuipokea mwenyewe kwa sauti ya kubana. Mimi simlaumu. Mtu aliyechoka kuokotwa chini na majirani hapimi masharti kama mwanasheria.

Dawa ilifanya kazi. Hakuanguka tena. Akaanza kuwasha jiko bila woga, akaenda sokoni bila kusindikizwa, akashona mpaka mgongo ukamuuma, na furaha hiyo ikamsahaulisha kabisa kuitia ile kabambe chaji.

Kisha Mwandawiro akaja kumtembelea. Huyu alikuwa kijana wa kliniki aliyepeleka dawa majumbani na kuwapigia waangalizi simu. Hakuwa daktari, ila kila mtu alimwita daktari naye hakukataa. Alikunywa chai akasema anamshukuru sana Kaveke, kwamba hajapata mwangalizi mwingine anayeeleza mambo vizuri hivyo kila anapompigia. Ndila alitabasamu kwa meno tu. Mgeni alipoondoka, alifungua droo. Simu ilikuwa palepale, imezima, betri yake imevimba hadi kung'oa kifuniko.

Tangu siku hiyo nyumba ikaingia harufu. Ilikuwa harufu ya mkonge uliooza, ile chachu inayokera pua, na hapo mtaani hapakuwa na mkonge wowote. Ilianzia jikoni. Kisha ikaja sauti ya patipati, ndala za mpira, zikiburuzwa polepole nyuma ya pazia la jikoni, zikisimama kila Ndila aliposimamisha cherehani na kuendelea alipoendelea. Na alasiri moja, jua likiwaka nje na watoto wakicheza, akiwa ameinamia kola ya shati, akasikia huko nyuma ya pazia sauti ya chini ya mwanamke, iliyofanana na yake mwenyewe ila haikuwa na haraka, ikisema amekula, amelala vizuri, leo hajaanguka, lakini siku hizi anasema maneno ya ajabu, daktari, anasema anaishi peke yake, anasema hana dada, nami namhurumia kwa sababu najua mwisho atanikana mbele yenu na itabidi mnisaidie kumshika.

Alivuta pazia. Hapakuwa na mtu, na harufu ilimjaa mdomoni hata akatapika.

Alimwita Gertrude, mama wa maombi kanisani kwao, ambaye watu walimfuata kutoka hata Wundanyi awatolee majini. Gertrude alifika mlangoni, akanusa, akakataa kuingia.

"Hili halikutumwa na mtu," alisema kwa sauti ya chini. "Lilikuwa linazurura tu bila jina. Wewe ndiye ulilipatia jina na mahali pa kulala."

"Mama, mimi nilikuwa nadanganya daktari tu."

"Basi likane mbele ya huyo huyo daktari, na yeye akubali hakuna dada. Bila hivyo maombi yangu yatagonga ukuta."

Ndila alielewa bei yake. Kumkana Kaveke ni kurudisha dawa, na kurudisha dawa ni kurudi sakafuni. Alikitazama kile kidole chenye kovu, akalia, akaamua kuwa afadhali kuanguka peke yake kuliko kuangaliwa na kitu kile.

Mwandawiro alipokuja tena, Ndila hakumpa nafasi hata ya kufungua mkoba.

"Daktari, mimi sina dada. Nilidanganya ndio nipewe dawa. Nitoeni kwa utafiti. Mlisema naweza kutoka wakati wowote."

Kijana alimtazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomtisha.

"Ni kweli, mama, unaweza. Lakini si leo ukiwa hivi. Kaveke aliniambia utasema haya maneno. Kuna wagonjwa hupata hii hali, inapita tu."

"Kaveke hayuko. Enda uangalie jikoni."

Mwandawiro aliinua macho kuelekea kwenye pazia, na uso wake ukatulia. "Habari yako, dada," alisema. "Kuja ukae. Tulikuwa tunakutaja."

Ndila hakugeuka, shingo ilikataa. Harufu ya mkonge ilimpita begani ikaketi kwenye kiti cha pembeni. Wakazungumza juu ya kichwa chake, kama watu wanavyozungumza siku zote juu ya vichwa vya wagonjwa, na mwishowe Mwandawiro akasema kwamba kuanzia sasa dawa zitawekwa na dada, naye atakuwa akimpa mwenyewe. Akanyoosha mkono kwenye kiti kile. Pakiti ikatoka kiganjani mwake, naye akaaga akaenda.

Mlango ulibaki wazi. Nje wanawake walikuwa wakiuza nyanya, na Ndila angeweza kukimbia. Lakini mkono wake wa kushoto ulianza kutetemeka na ladha ya chuma ikaja kwenye ulimi, dalili zilezile alizokuwa amezisahau. Nyuma yake kidonge kilibonyezwa kikatoka kwenye karatasi yake.

"Fungua mdomo, dada."

Ndila akaufungua.