Kesi ya Ng'ambo ya Mto

Nyumbani kwa Verlyn na Darlys Haugen, pale Moorhead, mlango haufungwi. Kila Jumapili majirani hujaa jikoni. Kahawa huchemka, karata hugawiwa, na habari za watu hupikwa zaidi kuliko chakula. Ndiyo maana sote tuliona: tangu harusi ya mpwa wake kule Fargo, Verlyn hataki kuvuka daraja.

Fargo ni ng'ambo ya mto, jimbo la Dakota Kaskazini. Sisi ni wa Minnesota. Watu wa hapa huvuka kama mtu anayekwenda uani kwake: kazi huku, baa kule. Verlyn akaanza kusema mkate wa kule mbaya. Mara kinyozi wa kule hajui kazi. Darlys alicheka mwanzoni, kisha akaacha.

Jumapili moja akamwambia mbele yetu, "Sema mwenyewe, au nitasema mimi."

Verlyn akasema. Akitoka harusini alikamatwa Fargo akiendesha gari amelewa, akapangiwa kufika mahakamani Alhamisi iliyofuata. Kaka yake alimshauri asiende. Kesi ya Dakota itafia Dakota, mradi asivuke tena. Na Verlyn huendesha lori la viazi vya sukari, vile vya kupeleka kiwandani kutengenezwa sukari. Leseni ndiyo jembe lake.

Orrin Stadstad, askari wa barabarani mstaafu, akaweka karata zake chini.

"Bwana Verlyn, mto unazuia ng'ombe. Hauzuii taarifa."

Akatueleza kwamba majimbo mengi, haya mawili yakiwemo, yamepatana kupashana habari. Ukihukumiwa kule, jimbo lililokupa leseni huambiwa, nalo laweza kukuadhibu kama vile uliendesha umelewa mlangoni pako. Usipofika mahakamani, hati ya kukukamata hutolewa, na leseni yaweza kufungwa hukuhuku kwenu.

"Basi nikachukue leseni nyingine kwa kaka, Dakota Kusini," Verlyn akasema.

"Watatazama kumbukumbu za nchi nzima, wakuone. Utakuwa umejiharibia majimbo matatu, na wewe ni mtu mmoja."

Alimshauri atafute wakili wa Dakota Kaskazini, maana sheria za majimbo hazifanani, na aulize pia ofisi ya leseni ya Minnesota. Zaidi ya yote, afike.

"Na wakinifungia?"

"Watakufungia. Lakini kufuli ina ufunguo. Kukimbia hakuna ufunguo."

Alhamisi Darlys ndiye aliyeshika usukani. Verlyn alikiri kosa, akalipa faini, akahudhuria masomo ya athari za ulevi. Leseni yake ya lori ilifungwa mwaka mzima. Wakati wa mavuno ya mwaka ule alisimama kwenye lundo la viazi akielekeza malori ya wenzake, nao wakimwita Mkurugenzi. Alivumilia. Pombe hakuigusa.

Oktoba ya mwaka uliofuata aliruhusiwa tena. Alipoleta shehena yake ya kwanza, malori yote yaliyopanga foleni nyuma yake yalipiga honi, mpaka bata wakaruka mashambani. Darlys, aliyekuja kusaidia lundoni, alipiga makofi akiwa na glavu zake za matope. Hata Orrin, aliyekuja kutazama, mtu mgumu wa kusifu, alivua kofia.

"Mtazameni," akasema. "Hakuna jimbo linalomdai."