Kitabu Alichokitazama Jumwa

Katika shule moja ya upande wa Changamwe palikuwa na sheria ambayo hata mtoto wa chekechea aliijua: asisimame mtu mbele ya wenzake kusimulia kitabu ambacho hajakisoma mwenyewe hadi ukurasa wa mwisho. Atakayeivunja atakisoma kitabu hicho chote kwa sauti, amesimama, mbele ya Gredi ya Nne, kila siku baada ya chakula cha mchana mpaka kiishe. Aliyeiweka ni Mwalimu Gershom, mwalimu wa Kiswahili, na hakuna aliyewahi kumwona akiilegeza kwa ajili ya mtu yeyote.

Jumwa, msichana wa Gredi ya Saba, aliijua sheria hiyo vyema kuliko wengi, kwa kuwa alikuwa msomaji hodari. Kila asubuhi aliteka maji bombani, akawasha jiko, akafagia ua, akavaa sare na kushika njia. Alipofika barabarani, pale malori ya mafuta yanapopinda kuingia bohari, alivuka bila kutazama upande wa kushoto. Hapo ndipo nduguye mdogo, Nzai, alipogongwa muhula uliotangulia. Walimzika Kaloleni. Watu walilia, lakini Jumwa hakulia. Alikuwa kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi: upo, unakanyaga, ila hausikii kitu. Majirani waliozoea kumwita mamake Mama Nzai hawakujua tena wamwiteje, na wengi wao walipita tu bila kumwita.

Muhula huo Mwalimu Gershom alimpa Jumwa riwaya ya zamani, Kata ya Mwisho, aisimulie siku ya Ijumaa mbele ya darasa na wazazi. Atakayesimulia vyema angeiwakilisha shule katika mashindano ya kaunti. Jumwa alipomweleza mamake, mama alikuwa amekaa kizingitini, uso kauelekeza ukutani.

"Ijumaa?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Nitakuja kukusikiliza."

Tangu mazishi mama hakuwa ameahidi kwenda popote, hata kanisani. Jumwa aliona kwamba Ijumaa hiyo haikupaswa kuharibika.

Alisoma sura mbili za mwanzo. Katika sura ya tatu mtoto mdogo, Lwambi, alitumwa kisimani na kata yake ya kifuu cha nazi, na dada yake Mbeyu akaambiwa amwangalie. Jumwa alisoma mstari huo, akakifunga kitabu, akakitia mkobani. Siku zilizofuata alikibeba kwenda na kurudi bila kukifungua.

Siku ya Jumatano Kimani, mwanafunzi mwenzake aliyehamia kutoka bara, alimkuta ameketi peke yake.

"Bado unapigana na hicho kitabu? Si filamu yake iko, walitengeneza watu wa ng'ambo. Leo jioni inaonyeshwa kwenye kibanda cha video cha Charo, kule Miritini. Na dijei anatafsiri kila kitu. Utacheka mpaka ulie!"

"Na sheria ya mwalimu?"

"Mwalimu atajuaje? Hadithi si ni ile ile?"

Jumwa alikwenda. Filamu ilikuwa ya Kiingereza, na juu ya sauti za waigizaji palisikika sauti ya dijei akieleza kwa Kiswahili na kutia mizaha yake. Kisima kilionekana kirefu na cha kutisha. Lwambi alipotumbukia, dada yake alipiga mbio, wanaume wakaja na kamba, mtoto akatolewa akikohoa. Ngoma zikalia na kijiji kizima kikacheza. Watazamaji walipiga makofi. Jumwa naye alipiga makofi, kwa kuwa wengine walipiga.

Ijumaa ilipofika, mama alikuja. Alijitanda leso, akaketi nyuma kabisa. Jumwa alisimama mbele na kuanza kusimulia. Alisema kwa ufasaha, neno likafuata neno, hata Mwalimu Gershom akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mwandishi anasema," Jumwa aliendelea, "kwamba Mbeyu alikimbia kuelekea kisimani kama lori la Miritini lililokatika breki."

Darasa likaangua kicheko.

"Lori!" alisema Nafula, msichana wa dawati la mbele ambaye hakuwahi kumwacha mtu apite na kosa. "Kijiji kile hakikuwa hata na baiskeli!"

"Nyamazeni," alisema Mwalimu Gershom. "Nafula, kama una swali, uliza kwa adabu."

Nafula alisimama. "Naomba kuuliza. Baada ya Lwambi kufariki, dada yake aliifanyia nini kata yake?"

"Hakufariki," Jumwa alijibu. "Alitolewa mzima."

Hakuna aliyecheka safari hii. Kimani alitazama chini ya dawati lake.

"Jumwa," aliita mwalimu.

"Abee, mwalimu."

"Kitabu hiki umekisoma?"

Jumwa alimtazama mamake kule nyuma. Angeweza kusema kwamba amesahau. "La, mwalimu. Nimekitazama. Nimetazama filamu yake kibandani, dijei akitafsiri."

"Asante kwa kusema kweli. Sheria unaijua."

"Naijua."

"Jumatatu utaanza. Na mashindanoni atakwenda Nafula."

Wazazi walipotoka, mwalimu alimzuia kidogo mlangoni. "Sikiliza, mwanangu. Filamu si dhambi. Aliyeitengeneza alikisoma kitabu, akachukua alichokitaka na kuacha asichokitaka, na hiyo ni haki yake, kwa sababu ile ni kazi yake. Kisima alikionyesha vizuri kuliko maneno yanavyoweza. Dijei naye ametia chumvi yake ili watu wacheke. Kosa lako ni kusimama pale na kusema, 'Mwandishi anasema,' na mwandishi hakusema. Umemtia maneno kinywani mtu asiyeweza kukujibu."

Jumwa na mamake walishika njia ya nyumbani. Walipokaribia barabara, mama alisimama.

"Wewe kitabu hakikushindi. Kwa nini hukukisoma?"

"Nilifika pale mtoto anapotumwa kisimani, mama. Nikakifunga."

Mama alimshika mkono, wakavuka pamoja.

Tangu Jumatatu Jumwa alisimama mbele ya Gredi ya Nne kila mchana. Watoto walikuwa wameshiba ugali na wengine walisinzia, lakini alisoma. Kitabuni Mbeyu hakupiga mbio. Alikuwa amekwenda kutazama ushanga wa rafiki yake, na aliporudi alikuta maji yametulia. Filamu haikuwa na ushanga ule. Haikuwa pia na sura nzima ambamo Mbeyu hasemi na mtu, anatwanga na kupeta tu, na watu wanadhani hana uchungu. Jumwa aliisoma sura hiyo kwa sauti kavu, polepole kuliko nyingine zote.

Siku ya mwisho mama alikuja tena, akaketi kwenye benchi fupi la watoto, magoti yakiwa karibu na kidevu. Mwalimu Gershom alisimama dirishani. Jumwa alifungua ukurasa wa mwisho. Mbeyu, sasa mama mwenye watoto wake, bado huteka maji kila alfajiri kwa kata mbili. Ya kwanza huimimina mtungini. Ya pili, ile ya Lwambi, huimwaga taratibu kizingitini, kisha huingia ndani kupika.

Kitoto kimoja kiliinua mkono. "Dada, kwani Lwambi hakutolewa?"

"Alitolewa," Jumwa alisema. "Lakini alikuwa amekwisha kufa." Herufi za kitabu zikaanza kuyeyuka mbele ya macho yake. "Hakurudi. Na Nzai pia hakurudi."

Mwalimu hakumharakisha. Jumwa alijifuta uso kwa mkono wa sweta, akausoma mstari uliobaki hadi nukta, akakifunga kitabu na kukiweka mezani.

"Watoto," alisema Mwalimu Gershom, "msikie na mshike. Ukiruka ukurasa unaouma, hujaufuta, umeuacha ukikungoja. Na anayeshuhudia asichokiona anamdanganya anayemsikiliza, na hujidanganya mwenyewe kabla yake. Kila kazi isomwe au itazamwe kwa jina lake: kitabu ni kitabu, filamu ni filamu." Akamgeukia Jumwa. "Adhabu yako umeimaliza. Nenda ukakae."

Jumwa hakwenda kwenye dawati. Alikwenda hadi kwenye lile benchi fupi. Mama akasogea kumpa nafasi, akamfunika na upande mmoja wa leso yake.